Irente Yote, Sio Vipande

Nilipanda Lushoto mara mbili kutafuta picha moja ya Baba. Picha nilikuja kuipata. Ila sikujua kama ningerudi na mengine.

Mpenzi msomaji, kila mwezi ukurasa huu unakupeleka mahali pa kupumzika wewe na umpendaye: ufukweni, hoteli yenye mashuka meupe, chakula cha usiku na mshumaa mezani. Mwezi huu naomba unisamehe. Nakupeleka kwetu Lushoto, kwenye mwamba ulio ukingoni mwa mlima, na mtu niliyemfungia safari hii sio mume wala mchumba. Ni Baba.

Baba ana miaka 74. Ni mwalimu mstaafu wa historia, na ana presha ya macho, ule ugonjwa ambao madaktari wanauita glakoma. Kama hujawahi kuishi na mtu mwenye ugonjwa huu, nikwambie tu kwamba ni mwizi mwenye adabu. Mara nyingi haumi wala hauwashi. Unaanza kula pembeni ya macho, polepole, na mwenyewe hana habari, maana jicho moja linamfichia mwenzake siri. Kilichokwenda hakirudi. Yale matone ya kila siku ni ya kulinda kilichobaki tu. Baba anasema anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba la maji: katikati panaonekana safi kabisa, hata gazeti anasoma, ila ukikaa pembeni yake kwenye kochi, wewe haupo.

Miaka mitatu iliyopita nilimshusha Dar akae kwangu, awe karibu na kliniki. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyebaki na shamba, hakupenda. Tulirushiana maneno pale pale kibarazani, majirani wakisikia. Mimi nikamwambia, "Umekaa na mzee miaka yote, hukuona kama haoni?" Yeye akanijibu, "Wewe umekuja siku moja, unataka kumbeba mzee kama gunia la viazi." Tangu siku ile mazungumzo yetu yakawa ya hela kwenye simu tu. "Imefika?" "Imefika." Basi.

Mwezi wa tano mwaka huu, jioni moja nikimwekea matone, Baba akasema, "Mwanangu, nataka kuiona Irente tena kabla bomba halijaziba."

Nikamwambia barabara ina kona nyingi, atatapika. Nikamwambia kliniki ni karibuni. Nikamwambia magoti yake hayataki baridi. Yote yalikuwa kweli, lakini hakuna lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba niliogopa: mzee akishapanda kule, akakaa na Kaka, akaota moto wa jikoni kwake, hatashuka tena.

Nadhani alijua. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi niletee picha. Lakini yote, sio vipande."

Safari ya kwanza: shuka la viraka

Kama hujawahi kufika, njia yenyewe ni hii. Kutoka Dar unapita Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka Mombo. Hapo joto bado ni la tambarare, na madirishani wanakuja akina mama na ndoo za matunda. Mombo unachepuka kulia na kuanza kupanda. Ni kilomita 33 tu mpaka Lushoto mjini, lakini ni kilomita 33 za kona. Upande mmoja ukuta wa jiwe, upande mwingine unaona paa la basi lililo nyuma yako. Ukifika Soni, penye maporomoko, unafungua begi kutafuta sweta. Wajerumani walipaita Lushoto "Wilhelmstal", bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Sisi tumebaki na jina letu na baridi yetu.

Irente iko kilomita chache kutoka mjini. Unapita shule ya watoto wasioona, unapita shamba la Irente wanakouza mkate, jibini na jemu, halafu njia inakatika. Yaani inakatika kweli. Mbele yako hakuna kitu. Mlima umekwisha kama umekatwa na panga, na chini, karibu mita 1,000, kuna nchi nyingine kabisa: paa za bati za Mazinde zinazometameta, mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari, barabara kuu, reli ya Tanga, na baada ya hapo nyika tupu ya Wamasai mpaka macho yachoke. Ukisimama ukaangalia magharibi, kushoto kwako ni upande wa Mombo, kulia ni Mkomazi na milima ya Upare.

Safari ile ya mwezi wa sita sikumwambia Kaka. Nilifikia nyumba ya wageni mjini kama mtalii. Nililala nikijiona mjanja, na kesho yake saa kumi na moja jioni nikapanda mwambani na kamera ya ofisini. Nikaiacha kwenye otomatiki, nikapiga kutoka kushoto kwenda kulia, picha nane, mkono mtupu. Jua lilikuwa limeanza kushuka mbele yangu, dhahabu tupu. Nikasema moyoni, Baba atalia.

Hakulia. Niliziunga kwenye kompyuta, nikachapisha, nikamkabidhi. Baba anaangalia picha kwa namna yake: anaisogeza karibu na uso, halafu anatembeza kichwa polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama anayesoma mstari mrefu. Alifika robo ya njia akasimama. Akarudi nyuma. Akaendelea, akasimama tena.

"Hapa pamekuwa usiku?" akauliza.

"Hapana Baba, ni mwanga tu."

"Na hapa pamekuwa mchana. Halafu mti huu una vichwa viwili. Mwanangu, hii sio Irente. Hili ni shuka la viraka."

Niliichukua ile picha nikaiangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kweli mbingu ilikuwa na mistari ya kusimama, mmoja mweupe, mwingine wa bluu, mwingine wa kijivu, kama pundamilia. Mimi mwenye macho mawili mazima sikuwa nimeiona. Ndugu msomaji, niliona aibu.

Kamera isiyo na msimamo

Nilimpelekea kesi yangu mpiga picha wetu hapa ofisini, kijana mpole anayejua kazi yake. Aliiangalia akacheka mpaka akakaa chini.

"Dada, kamera yako haina msimamo. Kila ukigeuka inabadili mawazo."

Akanielezea, na mimi nakuelezea wewe. Kamera ikiwa kwenye otomatiki, kila ukibonyeza inapima mwanga upya. Ukiielekeza kwenye jua, inaona mwanga ni mwingi mno, inajibana, na nchi yote inakuwa giza. Ukigeuka kwenye mlima wenye kivuli, inaona giza, inajiachia, na mbingu inakuwa nyeupe kama maziwa. Kila picha, ukiiangalia peke yake, iko sawa kabisa. Tatizo linaanza unapoiweka karibu na mwenzake.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Unapima mara moja, unafunga, halafu huongezi wala hupunguzi mpaka umalize. Iwe jua, iwe kivuli."

Akanichorea kwenye karatasi. Zungusha kile kitufe cha juu mpaka herufi M, ili kamera isiamue kitu bila wewe. Kabla ya kupiga, tembeza kamera upeo wote utafute pale panapong'aa kuliko pote, kwa kawaida ni wingu jeupe. Chagua kiasi cha mwanga ambacho lile wingu halitaungua. Giza linaweza kunyanyuliwa baadaye kwenye kompyuta, lakini wingu lililoungua limeungua, hakuna cha kurudisha. Funga tundu la lenzi kwenye f/8, maana likiwa wazi sana pembe za picha zinafifia, na pembe zilizofifia zikiungwa ndio zile mistari. ISO iache 100. Rangi nayo usiiache ijipangie: weka alama ya jua, vinginevyo picha moja itakuwa ya bluu na nyingine ya njano. Fokasi ikishakaa, izime isitafute tena. Na kama una filta ya polaraiza, ile ya kukoleza bluu, ivue. Inakoleza sehemu moja tu ya anga kulingana na jua lilipo, kwa hiyo kwenye picha pana inaacha doa jeusi katikati ya mbingu.

"Na ule mti wenye vichwa viwili?"

"Nyoosha kidole mbele ya pua. Fumba jicho moja, fumbua, fumba la pili. Kidole kimehama?"

Kilikuwa kimehama.

"Basi ndivyo ulivyofanya. Uligeuka na mwili mzima, kamera ikahama. Kitu cha mbali hakijali, ila cha karibu kinaruka. Tumia stendi ya miguu mitatu, lenzi izunguke pale pale ilipo, na usiweke mti mita moja kutoka kwako."

Nikiwa nasoma zaidi nikakuta kumbe kazi hii ni ya siku nyingi. Mchoraji mmoja, Robert Barker, alisajili wazo la picha ya kuzunguka mwaka 1787 akiwa Edinburgh, na neno panorama likaja kutokana na kazi hiyo, kutoka maneno mawili ya Kigiriki, moja "yote", jingine "kuona". Mwaka 1848 huko Marekani, Charles Fontayne na William Porter walisimama ng'ambo ya mto wakaupiga mji wa Cincinnati kwa mabamba nane, moja baada ya jingine, wakayapanga bega kwa bega. Mabamba nane, kama mimi. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na otomatiki ya kuwaharibia.

Yote. Kuona. Nikamkumbuka Baba na lile neno lake.

Safari ya pili

Mwezi wa kumi nikapanda tena. Safari hii nilimpigia simu Kaka. Sio kwa wema, nisikudanganye. Nilihitaji mtu wa kunisindikiza alfajiri na mzigo wa stendi. Akasema, "Sawa," akakata.

Alinipokea stendi ya mabasi. Akachukua begi bila kusema kitu. Wifi yangu akanipikia, tukala, tukalala. Saa kumi na mbili asubuhi tukawa mwambani, na chini yetu hakukuwa na Mazinde wala nyika. Kulikuwa na ukungu, mweupe, umejaa kama uji kwenye bakuli.

"Utakaa mpaka saa tatu hivi," Kaka akasema. Akafungua chupa ya chai.

Kukaa na mtu usiyeongea naye, juu ya mwamba, masaa matatu, bila mtandao, sio mchezo. Nilipanga stendi. Niliipangua. Nikaipanga tena. Mwishowe nikaanza kumwelezea habari ya kufunga mwanga, ili tu kuwe na sauti. Kwa nini tusipige jioni, kwa sababu Irente inaangalia magharibi na jua linakuja kukukodolea macho. Kwa nini asubuhi jua likiwa mgongoni ni afadhali, lakini sio mapema mno, maana kivuli cha mlima wenyewe kinakuwa bado kimelala juu ya nyika. Akasikiliza. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Ile ya mwanzo ilitokaje?"

"Mistari mitupu. Kila picha ilikuwa imejipimia yenyewe."

Akanywa chai. Akasema bila kuniangalia, "Mimi nilijua kama mzee haoni."

Nikageuka.

"Nilijua mwaka mzima kabla yako. Alikuwa anagonga ndoo ambayo nimeiweka pembeni. Nikamwambia twende Muheza, au KCMC, wakamwangalie. Akaniapisha. Akasema, 'Dada yako akijua, atanihamisha. Niache nife naona mlima.' Sasa ningefanyaje? Ni baba yangu. Ningemvunjia kiapo?"

Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka chini, paa moja la bati likatokea, likazama tena. Miaka mitatu nilikuwa nimembeba kaka yangu moyoni kama mtu mzembe. Na yeye alikuwa amenibeba kama mtu wa mjini anayepora wazee. Hakuna aliyekuwa amesema uongo. Kila mtu alipima kwa mwanga uliokuwa mbele yake.

"Mwaka mzima, Kaka," nikasema. "Matone yangekuwa yameanza mwaka mzima nyuma."

"Najua," akasema. "Hilo ndilo silali nalo."

Sikuwa na jibu. Bado sina. Kuna kosa pale, na sio dogo, na kuelewa lilivyotokea hakulifuti. Lakini ni tofauti kabisa na lile nililokuwa nimemhukumia.

Tulikaa. Akanionyesha Mazinde ilipoanza kuonekana, akaniuliza kama nakumbuka Baba alivyokuwa akitusimulia hapa hapa. Nakumbuka. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alitawala kutoka Vugha huku milimani. Alipofariki mwaka 1862, ukoo ukagawanyika. Mwanawe Semboja alikuwa Mazinde kule chini kwenye njia ya misafara, penye biashara na bunduki, na akamwondoa Vugha mjukuu aliyerithi kiti. Vita ya ndugu ikala nchi miaka mingi. Baba alikuwa akimaliza kwa kutuuliza sisi watoto: "Aliye juu anaona nini? Aliye chini anaona nini? Sasa nani anaiona Usambara yote?"

Saa tatu na nusu ukungu ukaondoka kama pazia. Usiku kulikuwa kumenyesha, vumbi limeoshwa, Upare ikaonekana mpaka makorongo yake. Nikapima kwenye wingu moja lililokuwa juu ya Mkomazi, nikafunga. Kamera nikaisimamisha wima, ili nipate mbingu na bonde kwa pamoja. Lenzi ilikuwa ya 50 kwenye kamera yenye kihisi kikubwa, kwa hiyo kila picha ilibeba nyuzi kama 27. Theluthi moja nikaiacha ikaliwe na jirani yake, hatua ikawa nyuzi 18. Picha 10, nusu duara na kidogo ya ziada. Nikapiga haraka, maana vivuli vya mawingu vilikuwa vinatembea juu ya mkonge, na ukichelewa wingu moja linaingia mara mbili.

Nilipiga mizunguko minne. Kwenye mzunguko wa mwisho nikamwomba Kaka asimame kwenye picha.

"Ya nini?"

"Baba apate kipimo cha ukubwa wa mwamba," nikasema. Uongo huo.

Kuunga

Usiku ule nyumbani kwa Kaka tukaweka kompyuta juu ya meza ya chakula, watoto wakatuzunguka. Natumia programu iitwayo Hugin, ambayo ni ya bure. Ziko na za kulipia, Photoshop na Lightroom, zinafanya kazi hiyo hiyo. Unazipa picha zako, zinatafuta vitu vinavyofanana kwenye picha mbili jirani: ule mti na ule mti, lile paa na lile paa. Zikipata vya kutosha, zinavikalisha pamoja. Halafu unanyoosha upeo wa macho, maana kamera ikiwa imeinama hata kidogo, nyika inapinda kama ndizi. Mwisho unakata kingo zilizochongoka.

Mzunguko wa tatu ulitoka na kioja. Kaka alikuwa ametembea kutoka kushoto kwenda kulia nikiwa napiga, na programu ikamweka mara mbili: Kaka mmoja anakuja, Kaka mwingine anaondoka, na katikati mguu wa tatu usio na mwenyewe. Watoto walipiga kelele. Wifi akacheka mpaka akatoka nje. Na Kaka, ambaye sikumwona meno miaka mitatu, akasema, "Basi mzee ampate mmoja, nyingine ibaki shambani."

Ule wa nne ulikuwa safi. Kaka amesimama katikati ya picha ya pili kutoka kushoto, sio kwenye maungio, kwa hiyo hakukatika. Mbingu ilikuwa moja, kutoka Mombo mpaka Upare. Nilitafuta mstari, sikuuona. Nikamwambia mtoto wa Kaka mwenye miaka tisa autafute. Hakuuona.

Kwa anayetaka kujaribu

Huna haja ya kamera kubwa. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya panorama. Siri ni ile ile: kabla ya kuanza, gusa sehemu yenye mwanga wa wastani kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka simu ikuonyeshe kwamba imefunga, kisha ndio utembeze. Simu zinatofautiana, kwa hiyo jaribu kwanza uani kwako. Geuka taratibu, viwiko vimebana mbavu, usipande wala kushuka. Usiweke jua ndani ya picha. Watu wanaotembea wasubiri.

Ukienda Irente, beba sweta hata kama Dar mnakaangika, hasa mwezi wa sita na wa saba. Beba hela ndogo ndogo za kiingilio na za mkate wa pale shambani. Na tafadhali, ule ukingo ni ukingo. Usirudi nyuma ukiwa unaangalia kioo cha simu. Picha nzuri ya mwisho hatuitaki.

Sebuleni

Nilichapisha kwenye duka la mabango Kariakoo, urefu mita 2, kimo sentimita 35. Kijana wa dukani aliikunjua akaniuliza, "Hii ni Tanzania kweli?" Nikaitundika ukutani sebuleni, usawa wa uso wa Baba akiwa amesimama.

Alianzia kulia. Sijui kwa nini, labda kwa sababu Upare ndiko alikoanzia kufundisha. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa, akaanza kutembea. Nilimwangalia anavyokwenda, hatua ndogo ndogo za pembeni, mkono umegusa ukuta. Hakusimama. Mkomazi. Nyika. Reli, akaifuata kwa kidole. Mazinde. "Bati zimekuwa nyingi," akasema. Mkonge. Nilikuwa nimebana pumzi, nasubiri aniambie hapa pamekuwa usiku. Hakusema.

Karibu na mwisho wa kushoto akasimama. Akarudi nyuma kidogo. Akasogea tena.

"Huyu nani kasimama ukingoni?"

"Mwangalie vizuri, Baba."

Aliangalia muda mrefu. Kwenye lile bomba lake, Kaka alimjaa wote. "Amesimama kama mama yake," akasema. "Uzito wote mguu mmoja." Halafu akaniuliza, bado uso wake uko ukutani, "Mmeongea?"

"Tumeongea. Ameniambia ule mwaka mmoja."

Akanyamaza. "Kosa lile ni langu," akasema. "Sio la kwake. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Nilitaka niwe na mlima na niwe na macho, vyote. Nikampa mtoto mzigo."

Akageuka kunitafuta. Ilibidi nisogee mbele yake ili aniione.

"Sasa nipeleke."

Safari hii sikutaja kona, wala magoti. Nilimpigia Kaka palepale, simu ikiwa kwenye spika, tukapanga kama watu wazima: mwezi wa kumi na mbili anapanda, matone yanaandikwa saa zake kwenye karatasi ukutani, tarehe ya kliniki Kaka mwenyewe anamshusha. Nikamuuliza, na kama atakataa kushuka? Kaka akasema, "Nitambeba kama gunia la viazi." Baba ndiye aliyecheka wa kwanza.

Wakati unasoma ukurasa huu, begi lake liko mlangoni. Jana nilianza kuitoa ile picha ukutani ili niifunge vizuri aende nayo. Akasikia sauti ya msumari, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia.

"Iache hapo," akasema. "Mimi naenda kwenyewe. Picha baki nayo wewe, ndiye unayebaki Dar."